Miaka Isiyosomwa Mazishini

  Leo twataka kusema habari za wazee wetu wa mashambani, na hasa habari ya miaka fulani katika maisha yao.

Kila mtu aliyehudhuria mazishi katika parishi hizi za Kirinyaga, chini ya Mlima Kenya, anajua jinsi wasifu wa marehemu unavyosomwa. Mjukuu husimama karibu na jeneza, karatasi mkononi. Marehemu alizaliwa yapata mwaka 1932. Alibatizwa. Alisoma mpaka darasa la nne. Alioa, au aliolewa, mwaka 1951. Kisha twasikia ya kwamba mwaka 1963 alijiunga na chama cha ushirika cha kahawa, ya kwamba alikuwa mwenye bidii na mpenda wageni, na ameacha watoto wanane na wajukuu wengi. Kwaya inaimba, nasi makasisi twafungua kitabu cha ibada na kuendelea. Lakini kati ya 1951 na 1963 ipo miaka kumi na miwili. Mtu huyu alikuwa wapi? Alilala wapi, alikula nini? Nani alimpiga, au yeye alimpiga nani? Halikusomwa neno, wala hakuna aliyeuliza. Wako wazee wachache waliokaa viti vya mbele, wameinamia mikongojo yao, wanaojua. Nao wanapungua kila mwezi, kama daftari zetu za mazishi zinavyoonyesha.

Wengine watasema hiyo ni kazi ya watu wa chuo kikuu, si kazi ya mimbari. Sisi twasema Biblia yenyewe haikuona hivyo. Tazameni Kitabu cha Pili cha Samweli. Mfalme Daudi amefukuzwa Yerusalemu na mwanawe mwenyewe, Absalomu. Amevuka Yordani na watu wake, wana njaa na kiu na uchovu, na wamefika Mahanaimu. Hapo wanatokea watu watatu wakiwaletea msaada, na mmoja wao ni mzee kutoka Rogelimu katika Gileadi, jina lake Barzilai. Mwandishi hakutosheka kutuambia kwamba waliletewa chakula. Alikihesabu. Mwishoni mwa sura ya 17 mtaona vitanda na mabakuli na vyungu, ngano na shayiri na unga, kunde na dengu, asali, siagi, kondoo na jibini. Hizo ni mali za mkulima. Yeyote aliyewahi kujaza gunia la kunde anajua ni siku ngapi za kupalilia zimo ndani yake. Roho wa Mungu hakuona haya kuandikisha kunde za mzee wa shamba katika Maandiko Matakatifu, pamoja na vita vya wafalme.

Tena vita vile havikuwa vya mgeni. Vilikuwa vya nyumba moja. Baba upande huu, mwana upande ule, na watu wa kijiji kimoja wakagawanyika. Hapo ndipo habari ya Barzilai inapotukaribia sisi, maana wazee wetu nao walipita katika vita vya namna hiyo.

Kwanza, wazee hawa ni wa umri gani? Msicheke, swali hili si jepesi. Nyanya mmoja wa parishi yetu ana kitambulisho kinachosema alizaliwa 1940. Yeye mwenyewe anakicheka kitambulisho hicho. Zamani wanawake hawakupewa vitambulisho kabisa. Kipande kilichoanza kufungwa shingoni mwa wanaume mwaka 1920 hakikuwahusu, na ni mwaka 1978 tu sheria ilipobadilishwa ili mwanamke aandikishwe kama mwanamume. Basi akina nyanya walipanga mstari mbele ya karani, karani akawatazama nyuso, akawakadiria, akaandika. Wengine walipunguziwa miaka kumi kwa kalamu moja! Ukitaka ukweli huna budi kutafuta kwingine. Daftari la ubatizo ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu Kabare ilifunguliwa na wamisionari wa CMS tangu 1910, na walipenda kuandika. Lakini aliyebatizwa akiwa mtu mzima daftari halitakuambia alizaliwa lini. Hapo inafaa umwulize mzee mwenyewe, tena umwulize kwa hesabu yake, si kwa hesabu yako.

Hesabu yao ni ya matukio. Huyu baba yake alitahiriwa pamoja na rika la Ndege, vijana wa miaka ya 1920 ambao rika lao lilipewa jina la eropleni. Yule kaka yake alikuwa mmoja wa Anake a Forty. Huyu mama yake alikuwa na mimba yake nzige walipofunika jua, na twajua nzige wale walikuja kwa makundi makubwa kati ya 1928 na 1931. Yule alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi wakati wa Njaa ya Mihogo, mvua zilipokosekana karibu na mwaka 1943 huku wanaume wengine wakiwa katika vita vya Mwingereza, na watu waliozoea mahindi na maharagwe wakala unga wa muhogo ulionunuliwa kutoka mbali. Ukiweka mambo haya pamoja utaupata umri wa mtu bila kumdhania. Isitoshe, utakuwa umempata mtu mwenyewe. Karani alipata tarakimu tu.

Mambo ya shule hatutakaa nayo sana, ingawa wazee hupenda kuyasimulia. Kulikuwa na shule za misheni, na baada ya ugomvi wa mwaka 1929 juu ya tohara ya wasichana, kukawa na shule za kujitegemea zilizojengwa na watu waliotoka misheni. Hizi za pili serikali ilizifunga wakati wa Hali ya Hatari. Kwa hiyo mkimsikia mzee akisema aliacha shule darasa la tatu, msifikiri alikuwa mzembe. Huenda shule ndiyo iliyomwacha.

Sasa twafika kwenye ile miaka.

Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Aprili 1954 majeshi yakaufagia mji wa Nairobi, maelfu ya wanaume wa milimani wakatiwa ndani ya malori na kupelekwa makambini. Juni mwaka huo huo ikatolewa amri nyingine, ambayo wazee wetu wanaikumbuka kuliko zote. Kila mtu atoke katika boma lake, akae kijijini. Zamani Wakikuyu hawakuwa na vijiji vya namna hiyo. Kila ukoo ulikaa kwenye mwinuko wake, nyumba mbalimbali, migomba katikati. Katika muda wa mwaka mmoja na miezi michache, watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamehamishwa na kutiwa katika vijiji 854.

Nani alivijenga? Wanawake. Waume walikuwa makambini, au msituni, au wamekufa, au ni askari wa ulinzi. Akina nyanya wanasimulia jinsi walivyopewa siku chache, wakabeba fito na nyasi migongoni na watoto vifuani, na kabla nyumba mpya hazijaezekwa zile za zamani zilichomwa moto. Mmoja alituambia kitu alichojuta kuacha si nguo wala vyombo, bali ni mbegu za wimbi zilizokuwa zimening'inizwa juu ya moshi. Mbegu zile mama yake alizipata kwa mama yake. Baada ya hapo hakuwahi kupanda wimbi ule tena, akawa mtu wa kununua mbegu.

Kijiji kilizungushiwa handaki lenye vijiti vilivyochongwa, na lango moja lenye mlinzi. Asubuhi filimbi inalia, mnatoka kwa kazi ya lazima: kuchimba lile handaki refu kandokando ya msitu ili watu wa msituni wasipate chakula, kutengeneza barabara, kukata matuta. Saa ya kwenda shambani kwako ni chache, na mara nyingine huruhusiwi hata kidogo. Maharagwe yaliozea shambani watoto wakiwa na njaa nyuma ya handaki. Watoto walikufa, wazee walikufa. Twaomba msikilizaji asidhani twatia chumvi. Hata watu wa serikali ile waliandika juu ya njaa ya vijijini.

Nao wanaume wakachimba kwingine. Tangu 1954 wafungwa wa makambi walipelekwa uwanda wa Mwea kuchimba mifereji ya kunyweshea mashamba ya mpunga. Leo hakuna harusi ya heshima katika nchi yetu isiyopikwa mchele wa pishori wa Mwea. Tule kwa shukrani, hakuna dhambi. Lakini yuko mzee katika parishi yetu asiyeula. Wajukuu walidhani ni tumbo.

Na kanisa lilikuwa wapi? Hapa ni lazima tuseme polepole, kwa sababu waliokuwamo katika mambo hayo bado wanakaa katika viti vyetu. Walikuwako Wakristo waliokula kiapo usiku na kuimba tenzi Jumapili, nao walikuwa wengi, wengine kwa hofu na wengine kwa moyo wote, wakiamini ardhi yao imeibwa, jambo ambalo si uongo. Walikuwako Wakristo waliochukua mikuki na baadaye bunduki za serikali, wale walioitwa ngati au kamatimu, wengine kwa kulipiza kisasi cha ndugu aliyeuawa, na wengine, tuseme kweli, kwa ajili ya ng'ombe na mashamba ya jirani. Tena walikuwako ndugu wa Uamsho. Uamsho ule ulianza Rwanda ukafika Kenya mwaka 1937, na watu wake walisema wamekwisha kunywa damu ya Yesu, hawawezi kunywa kiapo kingine. Wengi wao walikataa pia kushika bunduki. Kwa hiyo upande wa msituni waliwaona wasaliti na upande wa serikali wakawatilia shaka. Wako waliokatwa mapanga kwa ajili ya kukataa. Mji wa Murang'a una kanisa kuu lililojengwa kuwa ukumbusho, Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote, na ndani yake mchoraji Elimo Njau, mtu wa Kilimanjaro, alichora mwaka 1959 picha kubwa ukutani za maisha ya Bwana wetu. Aliyezaliwa katika picha ile alizaliwa kwenye nchi yetu ya vilima, na aliyesulubiwa alisulubiwa hapo hapo. Mtu akipita Murang'a aingie akaone. Wakati damu ilikuwa ingali mbichi, mwaka 1955, Obadiah Kariuki, mtu wa Uamsho, aliwekwa wakfu kuwa askofu, akawa na kazi ya kuchunga kundi ambalo nusu yake haikuweza kuitazama nusu nyingine machoni.

Wako wanaotaka tukumbuke mashahidi peke yao, maana habari zao ni safi na zafaa mahubiri. Sisi hatukubali. Bibi aliyekula kiapo na kuwapelekea wana wake chakula msituni, akapigwa kijijini mpaka mkono ukapooza, naye ni Mkristo wetu, tulimzika sisi. Historia ya kanisa haiwezi kumwacha nje ya lango.

Kisha ikaja habari ya ardhi. Serikali, kwa mpango wa Bwana Swynnerton wa mwaka 1954, ilitaka vipande vya mashamba vilivyotawanyika vikusanywe, kila mtu apewe kiunga kimoja chenye hati. Kwa ukulima lilikuwa jambo la maana. Mtu aliyekuwa na vipande saba katika vilima vinne alipoteza nusu ya siku yake njiani. Lakini fikirini lilifanyika lini. Lilifanyika wenye mashamba wengi wakiwa makambini. Kamati zilipima, wazee wa kamati walikuwa watu waliosimama na serikali, na aliyekuwa mbali hakuwa na wa kumsemea ila mkewe, ambaye jina lake halikuandikwa katika hati. Wengine walirudi wakakuta wamepewa mteremko wa mawe karibu na mto, na shamba la babu yao lina mikahawa ya jirani. Jirani huyo ndiye anayekaa naye kanisani.

Rudini nasi katika Samweli, sura ya 19. Absalomu amekufa, vita vimekwisha, Daudi anarudi nyumbani, na watu watatu wanamlaki njiani. Wa kwanza ni Shimei, aliyemtupia mawe na laana wakati wa shida, sasa anaanguka chini akiomba msamaha, na mfalme anamwapia hatakufa. Wa pili ni Mefiboshethi, kiwete, mjukuu wa Sauli, ambaye mfalme alikuwa amempa mtumishi wake Siba mashamba yake yote kwa sababu Siba alimshitaki Mefiboshethi kuwa msaliti. Nani alisema kweli kati ya hao wawili? Maandiko hayatuambii. Mfalme amechoka, hataki maneno mengi, anaamua wagawane ardhi nusu kwa nusu. Wapenzi wasikilizaji, si kamati ya ardhi hiyo? Wa tatu ndiye Barzilai.

Barzilai ana miaka themanini. Mfalme anamwalika akale naye Yerusalemu siku zote. Mzee anakataa kwa adabu. Anasema hawezi tena kuonja ladha ya chakula wala kusikia vizuri sauti za waimbaji, kwa nini awe mzigo? Anaomba arudi akafe katika mji wake, karibu na kaburi la baba yake na mama yake. Wana wetu walioko Nairobi na ng'ambo, mnaokuja na magari kumchukua mzee akaishi kwenye nyumba ya ghorofa, sura hii ni yenu. Anawaambia la, nanyi mwamwona mkaidi. Si ukaidi. Makaburi yake hayako huko.

Lakini twataka mtazame mwisho wa habari. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 2, Daudi yuko kitandani akiaga dunia. Anamwagiza Sulemani awatendee mema wana wa Barzilai, wale karibu mezani pake, kwa sababu ya ule msaada. Kumbe hajasahau kunde zile! Na mara hiyo hiyo, katika mstari unaofuata, anamtaja Shimei. Hajasahau laana pia. Alimwapia, miaka ikapita, na jambo lilikuwa bado lipo moyoni likimngoja mwanawe alimalize kwa upanga. Sisi tumesoma theolojia kidogo, tukafundishwa namna ya kulieleza neno hili, na bado latutisha. Msamaha uliosemwa haraka njiani, mtu akiwa na shughuli ya kurudi mjini, haukufika chini.

Nchi yetu nayo ilirudi mjini kwa haraka. Uhuru ulikuja tarehe 12 Desemba 1963, na viongozi wakatuambia tusahau yaliyopita, sote tulipigania uhuru. Yawezekana bila neno hilo tungeuana. Lakini chama cha Mau Mau kilibaki kimepigwa marufuku katika sheria mpaka mwaka 2003, miaka arobaini tangu bendera ipande, na mzee aliyetaka kusimulia msitu alitazama kwanza nani yuko mlangoni. Serikali ya Uingereza nayo ilikuwa imechoma makaratasi mengi, na mengine ikayaficha huko Hanslope Park mpaka yalipojulikana mwaka 2011. Yaliyomo humo yalikubaliana na yale ambayo wazee walikuwa wakisema siku zote bila kusadikiwa. Wazee wachache, wanaume na wanawake, walisafiri wakasimama mbele ya mahakama London, na tarehe 6 Juni 2013 Waziri William Hague akasema bungeni kwamba serikali yake inasikitika kwa mateso yale, na wazee 5,228 wakapewa fidia ya jumla ya pauni milioni 19.9. Mkigawa mtaona si mali ya kumjengea mtu nyumba kubwa. Lakini kumbukumbu ya mkulima asiyejua kusoma ilikuwa imepimwa na majaji, ikaonekana ni ushahidi.

Baada ya uhuru habari zao ni kahawa. Walipanda kwa mikono, mashimo ya futi mbili, samadi debe moja, wakapogoa, wakachuma matunda mekundu wakayapeleka kiwandani magunia yakiwa migongoni, yakamenywa, yakaoshwa kwa maji ya mto, yakaanikwa juu ya meza za waya. Mwaka 1975 baridi kali iliua mikahawa huko Brazil, na mwaka 1976 na 1977 bei ikapanda hata watu wakajenga nyumba za mawe na kuezeka mabati. Mwaka 1989 mapatano ya dunia ya kugawana masoko yakavunjika, bei ikaanguka, na wengi wakapanda migomba na maharagwe katikati ya mikahawa kwa siri, maana sheria ilikataza kuing'oa. Kizazi chetu, sisi tulio wachungaji leo, tulisomeshwa na kahawa ile katika miaka yake mibaya. Mzee mmoja alisema kahawa ni kama mwana aliyekwenda mjini: mwaka huu analeta, mwaka ujao haleti, na huwezi kumfukuza.

Sasa katika parishi yetu tumeanza jambo dogo. Vijana wawili wawili, pamoja na mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama, huenda kwa mzee aliyekubali, na daftari. Tumejifunza kutouliza habari za vita. Ukiuliza vita mzee atakupa hotuba, au atanyamaza. Muulize nyumba yake kijijini ilikuwa upande gani wa lango, jirani alikuwa nani, maji walichota wapi, unga walisaga na nini. Atakuchorea kijiji chote kwa mkongojo mchangani. Nyanya mmoja alituuliza, “Kasisi, mwataka kuniandikia kesi?” Tulipomweleza, akasema basi tungoje amalize kumenya maharagwe, kwa sababu maneno hayo hayasemwi mikono ikiwa na kazi.

Hatumlazimishi mtu. Wako waliokataa, na hiyo ni haki yao. Mengine wameyaweka mbele za Mungu na yatosha. Lakini mzee mmoja, aliyekuwa ngati ujanani, baada ya kusimulia mara tatu na mara zote akaruka siku moja, alituomba yeye mwenyewe nafasi katika mkutano wa wazee siku ya Alhamisi. Akasimama. Akamtaja mtu aliyempiga kwenye handaki mwaka 1955, ambaye hakupona. Mjane wa mtu yule alikuwamo, viti viwili nyuma yake. Tulidhani atalia au atatoka. Alikaa kimya kitambo kirefu, kisha akasema, “Mimi nilijua siku zote. Nilikuwa nangoja aseme.” Hawakukumbatiana. Hakuna wimbo ulioanzishwa. Mikutano iliyofuata walikaa mahali pao pale pale pa zamani. Jumapili ya Meza ya Bwana walikipokea kikombe kile kile kama walivyokuwa wakikipokea kwa miaka zaidi ya sitini, yeye upande wa wanaume, mama upande wa wanawake, nasi tukakipitisha kutoka mdomo huu hadi mdomo ule.

Mzee huyo alikufa mwaka uliofuata. Watoto wake walikuja kwetu na karatasi ya wasifu, nao walikuwa wamegawanyika: mkubwa alitaka jambo lile liachwe, binti alitaka lisomwe, kwa kuwa baba alilisema mwenyewe mbele ya watu. Tulikaa nao mpaka usiku. Tuliwauliza mjane yule atakuwapo mazishini au la. Wakasema hawajui. Binti akaenda kumwuliza asubuhi na mapema, akarudi na neno kwamba atakuja, na kwamba lisomwe, ila jina la mumewe lisomwe pamoja na jina la baba yake, kwa sababu hakuwahi kupata kaburi wala wasifu. Likasomwa hivyo.

Barzilai hakwenda Yerusalemu, lakini alimtoa Kimhamu aende badala yake. Karibu miaka mia nne baadaye, Yerusalemu imekwisha kuteketezwa na Wababeli, nabii Yeremia katika sura ya 41 anawataja wakimbizi waliotua mahali karibu na Bethlehemu paitwapo Geruth-Kimhamu. Nyumba ya mfalme haikuwapo tena. Jina la nyumba ya mkulima lilikuwa bado liko juu ya ardhi.

Katika Kirinyaga yetu, mahali pengi matatu zinaposimama utingo huita “Gichagi! Gichagi!” na watoto wa shule hushuka. Gichagi maana yake ni kijiji, yaani kile cha mwaka 1954. Lango lilikuwa palipo duka la mbolea, na handaki limejaa udongo, limepandwa majani ya ng'ombe. Pale penye majani mabichi kuliko pengine, pakifanya mstari mrefu kuelekea mtoni, ndipo lilipopita.